Uliza kwanza kitakufa vipi: kuunda baiskeli ya mteremko itakayodumu

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina uzito wa kilo 92 na nimenunua fremu ya alumini iliyotumika ya baiskeli ya kuteremkia milima, ile yenye mwendo wa milimita 200 wa gurudumu kupanda na kushuka, mbele na nyuma. Ekseli ya nyuma ni ya milimita 157, na sehemu ya krenki ina upana wa milimita 83. Kwenye baiskeli yangu ya zamani niliua magurudumu mawili ya nyuma kwa msimu mmoja, na vibadilisha gia sikumbuki vingapi. Safari hii nataka kuunda kitu kitakachodumu, lakini sina pesa ya kununua kila kitu cha daraja la juu. Nianzie wapi, na wapi naweza kubana matumizi bila kujuta?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Umefanya vizuri kutaja uzito wako na magurudumu uliyoyaua. Wengi wanaoniuliza swali hili huanza na orodha ya majina ya vifaa wanavyovitamani, nami nabaki nikibahatisha vifaa hivyo vitabebeshwa mzigo gani.

Nikueleze kwanza jinsi ninavyochagua mwenyewe, maana mengine yote yanatoka hapo. Siulizi kifaa kina nguvu kiasi gani. Kwenye mteremko wa mawe kila kifaa kina siku yake, hata kile cha bei kubwa kabisa. Mimi nauliza kitakufa vipi. Kitapinda kwanza, au kitakatika ghafla? Kitalia, kitacheza, kitavuja mafuta nikione jioni ninapoosha baiskeli, au kitanyamaza mpaka siku niko hewani? Na kikishakufa, kitanilazimisha kushuka kwa miguu, au kitaniangusha? Kifaa kinachotoa taarifa kabla ya kufa, na ambacho kifo chake kinakuharibia siku tu, kinunue cha bei ya chini na usione haya. Kinachokufa kimya na kukubwaga, pesa yako iende huko.

Kuna mashindano mawili ambayo huwa nawasimulia wanafunzi wangu wa gereji. Yote yalifanyika Leogang, Austria, kwenye mbio za Kombe la Dunia, na mteremkaji alikuwa yuleyule, Mmarekani Aaron Gwin. Mwaka 2014 tairi lake la nyuma lilikufa njiani, akamalizia mlima akiburuta rimu tupu. Ushindi ulikwisha pale tairi lilipokwisha. Mwaka 2015, mlima uleule, cheni yake ilikatika alipokanyaga pedeli kutoka mahali pa kuanzia. Akateremka bila cheni kutoka juu hadi chini, na akashinda. Kinachokuteremsha ni mlima wenyewe, na kinachokuweka juu ya baiskeli ni tairi, magurudumu na breki. Gia zina nafasi yake, lakini ni nafasi ya mwisho kwenye foleni ya pesa.

Fremu kwanza. Kabla hujanunua hata bolti moja, ivue vitu vyote, ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe, kisha uipitie kwa tochi. Angalia pale shingo inapokutana na bomba la juu na la chini, pale shokapu inapofungwa, na kuzunguka kila kiungo cha mkono wa nyuma. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele, hasa kandokando ya mahali palipolehemiwa. Ukiufuta kwa spiriti na siku ya pili ya kuendesha ukarudi mweusi palepale, huo si mkwaruzo wa rangi. Tumezoea kuambiana tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini ufa wa fremu ya alumini hauzibwi. Aloi ya alumini kama 6061 hupewa nguvu yake kwa kupashwa moto tanuruni baada ya kulehemiwa. Ukiichomea ufa mtaani bila kuirudisha tanuruni, alumini inayozunguka ule mchomeo inabaki laini, na itapasuka tena pembeni kidogo ya pale pa mwanzo. Fremu yenye ufa irudishe kwa aliyekuuzia.

Ikiwa nzima, toa shokapu na uushike mkono wa nyuma. Utikise upande kwa upande, kisha uupandishe na kuushusha taratibu. Ukicheza au ukikwaruza, beringi za viungo zimechoka. Hizo si gharama ya kutisha, kwa kuwa beringi nyingi za baiskeli zina namba ubavuni, na namba hiyo ndiyo unayonunulia. Chagua zilizoandikwa 2RS, yaani zenye sili ya mpira pande zote mbili. Chukua na vernia, kile kipimio chenye taya mbili, upime kila kitu mwenyewe: urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu, matundu ya ISCG 05 kuzunguka krenki (yale ya kufungia kinga ya cheni) kama yapo, na ukubwa wa gurudumu ambao mkono wa nyuma unaruhusu. Nimeona watu wakinunua habu ya 148 kwa fremu ya 157 kwa sababu muuzaji wa fremu alikosea tarakimu moja.

Sasa magurudumu, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo penye maumivu yako. Hukusema yale mawili yalikufa vipi. Mimi nimeona vifo vya aina tatu. Cha kwanza ni rimu kubonyea au kupasuka ukingoni baada ya kugonga jiwe. Hicho mara nyingi ni kosa la tairi na upepo kuliko la rimu. Cha pili ni spoki kukatika moja moja, nyingi zikikatikia kwenye kiwiko, pale zinapoingia kwenye habu. Cha tatu ni gurudumu zima kujikunja umbo la tandiko baada ya kutua huku baiskeli imelala upande. Hicho cha tatu ni ajali, na hakuna kifaa kinachokizuia moja kwa moja. Viwili vya kwanza vina tiba.

Wengi hudhani spoki hukatika kwa sababu imekazwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake. Gurudumu linapozunguka likiwa na mzigo, spoki zilizo upande wa chini hulegea kidogo, kisha zikipanda hukaza tena. Zikiwa na mkazo wa kutosha, hupungua bila kufika sifuri. Zikiwa zimelegea, hufika sifuri, zikacheza ndani ya tundu la habu, halafu zikavutwa kwa ghafla. Fanya hivyo maelfu ya mara na kiwiko kitachoka kama waya unaoupinda huku na huku mkononi. Kwa hiyo mtu mzito mwenye gurudumu la bei kubwa lililokazwa ovyo atavunja spoki, na mwenye rimu ya kawaida iliyosukwa na fundi mwenye subira ataendelea kuteremka.

Kwa uzito wako, suka hivi: rimu ya alumini iliyotengenezwa kwa mteremko, upana wa ndani milimita 28 hadi 30, matundu 32, kila spoki ivukane na nyingine tatu. DT Swiss EX 511 ni mfano mzuri wa rimu ya aina hiyo, na haiko peke yake. Spoki chukua zile nene ncha mbili na nyembamba katikati, milimita 2.0 ncha na 1.8 katikati. Najua inasikika kinyume, kwamba nyembamba idumu kuliko nene. Sababu ni kwamba ile sehemu nyembamba hunyumbuka kidogo kigongo kinapokuja, ikakipunguzia kiwiko mzigo. Spoki nene mwanzo hadi mwisho hainyumbuki, na pigo lote humalizikia kwenye kiwiko. Vile vinati vidogo vinavyokaza spoki kwenye rimu viwe vya shaba ya njano. Vya alumini vina rangi nzuri na vinapunguza gramu chache, lakini huliwa na unyevu, kisha siku unayotaka kunyoosha gurudumu kichwa chake kinasagika kwenye spana.

Mkazo wa spoki za upande wa gia uwe kati ya kilo 100 na 120, usizidi kiwango kilichotajwa na aliyetengeneza rimu. Usipime kwa sikio. Kipima mkazo kimoja kitatumika miaka mingi na mnaweza kuchangia wenzako watatu. Ukishamaliza kunyoosha, zibane spoki sambamba mbilimbili kwa nguvu ya viganja, ukizunguka gurudumu zima, kisha upime tena. Utashangaa jinsi mkazo unavyoshuka raundi ya kwanza. Gurudumu lisilofanyiwa hivi hujilegeza lenyewe siku ya kwanza mlimani.

Kuhusu rimu za kaboni utasikia sifa nyingi, na baadhi ni za kweli. Zipo zinazostahimili mapigo makubwa, na makampuni kadhaa huzipa dhamana ndefu. Lakini rudi kwenye swali langu la mwanzo. Rimu ya alumini ikigonga jiwe hubonyea, nawe unaukamata ukingo kwa spana malaya, unaunyoosha taratibu, unateremka tena mchana uleule. Ya kaboni huwa nzima, nzima, nzima, kisha inapasuka. Kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake, alumini ndiyo inayokufa kistaarabu.

Hata hivyo rimu bora kabisa haitakuokoa na tairi jepesi. Jihadhari sana hapa, kwa sababu jina la tairi peke yake halikuambii kitu. Maxxis Assegai, tairi lililobuniwa pamoja na mteremkaji Greg Minnaar, linauzwa likiwa na maungo mbalimbali: kuna lenye ubavu mwembamba la watu wa njia za kawaida, na kuna la mteremko lenye tabaka mbili za nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo. Meno ni yaleyale, maandishi makubwa ni yaleyale, tofauti iko kwenye herufi ndogo ubavuni. Wewe tafuta neno DH, kifupi cha downhill, yaani mteremko, au kwa Schwalbe, Super Downhill. Tairi la namna hiyo huwa na uzito wa gramu 1,200 hadi 1,400 hivi, na ukilishika dukani utaona ubavu wake ni mgumu, haukunjiki kirahisi. Uzito huo ukubali. Kila gramu unayotoa kwenye tairi la nyuma utailipia kwenye rimu.

Mbele weka mpira laini, ule unaoshika mawe yenye maji, kwa sababu tairi la mbele likiteleza umekwenda chini. Nyuma weka mpira mgumu kidogo, maana ndio unaolika kwa breki, na tairi la nyuma likiteleza bado una nafasi ya kulirudisha. Endesha bila tyubu, kwa maji ya kuzibia matundu, ili uondokane na zile pancha za matundu mawili yanayotokana na tyubu kubanwa kati ya rimu na jiwe. Maji hayo hukauka, kwa hiyo kila miezi miwili fungua uangalie. Kwa kilo 92 anza na upepo wa psi 28 nyuma na 25 mbele, ukipanda au kushuka psi moja moja. Pima kwa kipimo kilekile kila siku. Vipimo viwili vinaweza kutofautiana psi tatu, na psi tatu ndizo zinazotenganisha rimu nzima na rimu iliyobonyea. Nyuma ningekuongezea pete ya povu ndani ya tairi. Inasumbua kuivalisha, utaichukia siku ya kwanza, lakini tairi likifika mwisho pigo linatua kwenye povu kabla ya kufika kwenye rimu.

Habu ya nyuma nitaisema kwa ufupi. Tafuta yenye ekseli nene, beringi za namba za kawaida, na mfumo wa friwili ambao unaweza kuufungua kwa mikono na kuupaka grisi. DT Swiss 350 hutumia pete mbili zenye meno, zinazokamatana meno yote kwa pamoja, na inafunguka bila zana maalumu. Pete zake zipo za meno mengi na za meno machache. Machache yana maana ya meno makubwa zaidi, kwa hiyo mtu mzito usikimbilie pete za meno 54. Kwenye mteremko hukanyagi pedeli kiasi cha kuhitaji friwili inayoshika papo hapo.

Tuje kwenye breki. Fanya hesabu hii nami. Wewe, baiskeli, kofia na kinga za mwili, jumla tuseme kilo 113. Ukishuka kimo cha mita 400, mlima umekukabidhi nishati ya kilojuli 443 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji kama kilojuli 335. Sehemu ya nishati ile huchukuliwa na upepo, tairi na shokapu, lakini sehemu kubwa huishia kwenye diski mbili nyembamba, kwa dakika chache. Joto hili ni adui wa zamani. Mwaka 1976, huko Marin, California, vijana walianza kushindana kwenye barabara moja ya mlimani kwa baiskeli nzito za zamani, zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, iliyofichwa ndani ya habu. Grisi iliungua ikatoka moshi, na baada ya mteremko habu ilibidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mbio zile zikaitwa Repack, yaani kujaza upya, na jina limebaki.

Kwa hiyo nunua breki za pistoni nne, mbele na nyuma zote mbili, na usikubali zile za pistoni mbili hata ukipewa bei ya kirafiki. Shimano Saint, SRAM Code, Magura MT7 na TRP DH-R Evo zote zimejithibitisha, na zilizotumika zinapatikana. Diski iwe 203 nyuma, na mbele 220 kama foku yako inaruhusu. Kipenyo hicho cha 220 kinakuongezea nguvu ya asilimia 8 hivi kuliko 203, kwa mkono uleule, na pia chuma zaidi cha kumeza joto. Chagua diski nene. Diski za Shimano zenye unene wa milimita 1.8 hutupwa zikifika 1.5, kwa hiyo vernia yako ina kazi hapa pia.

Pedi za chuma kilichoshindiliwa hudumu kuliko za resini kwenye tope na joto, ingawa hupiga kelele na hula diski haraka zaidi. Kabla ya kuziweka soma maandishi kwenye diski, kwani baadhi za bei nafuu zimeandikwa ni za resini tu, na ukikaidi uso wake unachimbika upesi.

Na tafadhali, mafuta ya breki usichanganye. Kuna breki za mafuta ya madini na kuna za DOT, yaani mafuta ya aina ya breki za gari. Ukitia DOT kwenye breki ya Shimano au Magura, sili zinavimba na breki imekufa. Kinyume chake ni vilevile. DOT nayo hunyonya unyevu wa hewani. DOT 5.1 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 260 au zaidi, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi kama 180. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na mkono wa breki unagusa usukani bila kitu kutokea. Hicho ni kifo cha kimya, cha aina mbaya kuliko zote nilizokutajia. Ukinunua breki zilizotumika, hata zikionekana safi, toa mafuta yote na utie mapya kabla ya mteremko wa kwanza.

Foku na shokapu ya nyuma. Baiskeli ya milimita 200 inataka foku ya mabano mawili, lile la juu na la chini ya shingo, kama RockShox BoXXer au Fox 40. Hapa unaweza kununua ya mtu bila wasiwasi mkubwa, mradi ukague miguu yake ya juu kwa ukucha. Mkwaruzo unaonasa ukucha utaichana sili, mafuta yatavuja, na hakuna usafi utakaorudisha hali. Angalia pia pale miguu inapogonga fremu usukani ukigeuzwa mpaka mwisho. Palipobonyea, achana nayo.

Nyuma ningekushauri springi ya chuma badala ya shokapu ya upepo. Ina sili chache, haibadiliki sana ikipata moto, na ikiharibika hulia au kuvuja kabla ya kukuacha. Ila springi ya chuma haipigwi pampu, kwa hiyo lazima ununue ya uzito wako. Kaa juu ya baiskeli na mavazi yako yote, upime imezama kiasi gani. Lengo ni asilimia 30. Shokapu yenye mwendo wa milimita 75 izame 22 au 23. Nakuomba usilirukie hili. Mtu wa kilo 92 akirithi springi iliyokuwa ya mtu wa kilo 70, shokapu inafika mwisho kila akitua, na pigo lililobaki linapokewa na gurudumu la nyuma. Nashuku mojawapo ya yale magurudumu yako lilikufa hivyo.

Matengenezo ya foku huwa yanaogopesha watu kwa bure. RockShox wanataka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta kila saa 50 za kuendesha. Ukiteremka mara 20 kwa siku, dakika tano kila mara, siku nzima haifiki saa mbili. Saa 50 ni kama siku 30 za mlimani. Kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Usukani nautenga peke yake, kwa sababu ni kifaa cha bei ndogo chenye kifo kibaya. Alumini huchoka hata kwa mapigo madogo yanayojirudia, na haitoi ishara mpaka ufa uko ndani. Mimi niliwahi kukatikiwa na usukani kwenye mruko mdogo nisioukumbuka hata jina. Nilipofungua kibano kinachoushika usukani nikakuta duara la mkwaruzo palepale kilipoishia, alama niliyoiweka mwenyewe kwa kukaza bolti kwa nguvu ya hasira. Tangu siku ile natumia spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, nakaza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibano, mara nyingi Nm 5, na usukani naubadilisha kila baada ya misimu miwili, au mara moja baada ya anguko kubwa hata kama hauonyeshi kitu. Usukani usinunue uliotumika. Hujui ulianguka mara ngapi.

Krenki nazo, kwa fremu ya 83, tafuta za alumini zenye ekseli ya chuma, mikono ya milimita 165 ili zisiguse mawe ovyo. Krenki zilizotumika ni biashara nzuri kama tundu la pedeli halijalika nyuzi. Pedeli ziwe na ekseli ya chuma cha kromoli na pini zinazofunguka. Za titani mara nyingi huwekewa ukomo wa uzito wa mwendeshaji, na wewe uko karibu na ukomo huo au umeuvuka.

Vibadilisha gia vilivyokufa ni habari nyepesi kuliko unavyodhani. Huhitaji sproketi 12. Saba zinatosha kabisa, na hata mfumo wa zamani wa gia kumi unaweza kuubakisha. Nunua kibadilisha gia cha mkono mfupi, cha chuma cha kawaida, usiende kwenye kaboni. Kwenye fremu nyingi, kile kipande kidogo kinachokishika kibadilisha gia kwenye fremu kimetengenezwa laini kwa makusudi, kipinde kabla fremu haijapata madhara. Nunua viwili vya akiba, kimoja kikae mkobani. Mbele weka sproketi ya meno 34 au 36, na kwenye matundu ya ISCG 05 funga kinga ya cheni yenye ngao chini, ili gogo au mwamba upige ngao na meno ya sproketi yabaki salama. Kinga hiyo ina bei ndogo na inaokoa mengi, hiyo usiibane.

Kwa hiyo pesa ikibana, mahali pa kukata ni gia, cheni, kiti, nguzo ya kiti, krenki, foku iliyotunzwa vizuri, na rangi za bolti. Tairi, kusukwa kwa gurudumu la nyuma, breki na usukani viache kama nilivyokuandikia. Ikilazimu, ahirisha kuteremka mwezi mmoja kuliko kuanza na tairi la muda. Baiskeli itafika kilo 17 au zaidi kidogo. Mlima hautalalamika.

Siku ya kwanza usiende kwenye mteremko mkubwa. Tafuta sehemu iliyonyooka uzoeshe breki: nenda kwa kasi, shika mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia mara 20 kwa kila breki bila kufunga gurudumu. Kisha teremka mara mbili taratibu, usimame, upitie bolti zote kwa spana ya toku na spoki zote kwa vidole. Gurudumu jipya karibu lazima litake kurekebishwa hapo. Lirekebishe palepale mlimani, ndipo upande kwa mteremko wa tatu. Na ukipata nafasi, niandikie yale magurudumu mawili yalikufaje, na springi iliyokuwa kwenye ile baiskeli ya zamani ilikuwa ya namba gani.